Ramani ilichapwa mwezi wa pili

Mwenzangu, usipige simu. Nimejifungia chooni kazini, watanisikia.

Si unajua ule mpango wa barabara na mabasi wa miaka thelathini, tunaoufanyia marekebisho? Miezi minne nazunguka mitaani na ramani, watu wanabandika vikaratasi vya njano kusema wanataka nini. Hata mtaani kwetu nilienda mimi. Mama akabandika chake juu ya nyumba yetu, kaandika "Hapa tunaishi."

Leo bosi kanituma kabatini kwake nikamletee ramani ya mwisho. Naikunjua, barabara ya njia sita imepita juu ya nyumba yetu. Nikasema labda wamekosea. Nikatazama pembeni kule chini, tarehe ya kuchapwa: mwezi wa pili.

Vikao na watu tumeanza mwezi wa tano. Mwezi wa pili, unanielewa?

Nikampelekea bosi, nikamuuliza, na vile vikaratasi vya watu? Hata macho hakuinua. "Vimo kwenye viambatisho, mwisho kabisa."

Nikamwambia, lakini ulijua kwetu ni pale. Akanijibu kwa upole, mtu yuleyule aliyenishika mkono kunifundisha kazi: "Ndiyo maana tulikutuma wewe. Wangemsikiliza nani mwingine?"

Wangemsikiliza nani mwingine. Kanitazama usoni akalisema.

Na sasa hivi mama kaniandikia. Majirani wanauliza lini nitarudi na ramani, wamekumbuka mengine ya kubandika.