Alama za Mpwa wa Mwalimu

Amani,
9 Januari 1957

Mjomba Timotheo, shikamoo.

Huku sote wazima, baridi ya milimani tu ndiyo inayotutafuna. Mama, dada yako, anakusalimu sana. Baba yuko kitaluni na miche yake. Sijui ninyi huko Pangani. Mkazamjomba amepona mguu?

Mjomba, barua ya chuo cha ualimu imekuja. Mtihani wa darasa la nane nimefaulu vizuri, wamesema wenyewe. Lakini wanatazama na alama za skuli za miaka miwili, na wanataka wastani wa sitini. Mimi nina hamsini na saba. Semeni tuliyekaa naye dawati moja, yule niliyekuwa nikimfundisha hesabu kibarazani kwako, ana sabini na moja. Kapata! Nafasi yangu wataishikilia hadi mwisho wa Februari, kama skuli ina neno la kusema. Baada ya hapo anapewa mwingine, na mwakani umri wangu utakuwa umepita.

Asubuhi ukungu ukishuka, miti yote hupotea nami nakiona chuo. Nasikia kengele. Najiona nikiandika tarehe ubaoni, watoto wamenyamaza. Ukungu ukiondoka, ni kitalu cha Baba tu.

Wewe ndiye uliyenifundisha, tena nikikaa nyumbani kwako. Niambie kweli, Mjomba: mimi sijui?

Mpwa wako,
Benedikta


Pangani,
20 Januari 1957

Mpwa wangu Benedikta, marahaba.

Sisi hatujambo. Mguu wa mkazamjomba wako umepona. Ulimi wake haukuugua hata siku moja.

Alama ni alama, binti. Mia ni ya Mungu, tisini ya mwalimu, ndivyo nilivyofunzwa nami. Hamsini na saba si haba. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Msaidie baba yako kazi, Mungu atafungua mlango mwingine.

Barua yako niliisomea ndani ya pantoni, nikivuka mto kwenda kijiji cha Bweni kwa fundi. Pantoni ikafika, ikarudi, ikaenda tena, nami nimekaa tu natazama maji. Mvushaji akaniuliza kama nimehamia humo. Sijui nilikuwa nawaza nini.

Mjomba wako,
Timotheo


Amani,
2 Februari 1957

Mjomba, shikamoo.

Wote wazima, ila mimi chakula hakishuki.

Nimefungua sanduku nikatoa madaftari yangu. Limo na moja la Semeni, tulichanganya siku ya kufunga skuli. Tarehe moja, hesabu kumi zile zile, na sote tumezipata zote. Yeye umempa kumi. Mimi nane, na kando umeandika "mwandiko". Mwandiko, Mjomba! Nani alikuwa akikuandikia barua za skuli kwa wazazi kama si mimi?

Sina hasira. Aa, nadanganya, ninayo. Ulinipunguzia?

Benedikta


Pangani,
11 Februari 1957

Mpwa wangu, marahaba.

Hukutia "mpwa wako" chini ya barua. Nimeliona.

Nilikupunguzia. Siku uliyoingia darasani kwangu, Mzee Idarusi, baba yake Semeni, alisema mbele ya wazazi wote: "Mwalimu kaleta mpwa wake. Huyo alama atapakuliwa nyumbani pamoja na wali." Watu wakacheka. Nilitahayari, nikatamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo kila karatasi yako nikaipunguza alama kumi, mtu asipate la kusema. Sikuona ubaya, Benedikta. Naapa, nilijiona mwadilifu.

Jana nimemwandikia mkuu wa chuo, na nakala kwa mkaguzi wa skuli: mwongezeeni kumi, kosa ni langu. Huenda mkaguzi akanivua ualimu. Na anivue. Nisamehe, mwanangu.

Mjomba wako,
Timotheo


Chuoni,
7 Aprili 1957

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima, na natumai mkazamjomba naye mzima.

Barua yako ilifika hapa chuoni. Mkuu wa chuo akamwandikia Baba kwamba wajomba wanaowaongezea wapwa zao alama anawajua, wako wengi. Lile uliloliogopa miaka miwili likakupata siku uliyosema kweli. Mama alilia. Baba, unavyomjua asivyo na maneno, alivaa kanzu yake ya kanisani, tukapanda basi hadi hapa, akaomba nipimwe upya. Wakanikalisha peke yangu na karatasi tatu, namba badala ya jina, akasahihisha mwalimu asiyenijua hata sura.

Nimepata themanini na nne.

Nimeingia, Mjomba. Nakuandikia nikiwa bwenini, na bado naona kama naota. Kila mara nagusa ukuta.

Mama ameniandikia kwamba mkaguzi amekusimamisha kazi, unashinda kibarazani. Imeniuma, sikufichi. Lakini nimekaa na kalamu yangu. Hamsini na saba, ukiongeza kumi ulizozikiri, ni sitini na saba. Hizo kumi na saba nyingine, hadi themanini na nne, Mjomba? Sidhani kama unazificha. Nadhani mwenyewe hujui ulikuwa ukizitoa, mkono umeshazoea. Hilo ndilo linalonitoa machozi.

Zile kumi nimekusamehe. Likizo ya Juni sitapita Pangani. Ya Desemba nitakuja.

Mpwa wako,
Benedikta