Mtafiti Aliyeondoka Kabla ya Salamu Kuisha

Lindi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na mguu wako umepoa. Huku mimi, baba Hadija na mtoto tuna afya, alhamdulillahi. Hadija ameota meno mawili, na ananing'ata kweli kweli!

Mama, nilikueleza ule ua wa seng'enge uliozunguka nyumba za maofisa, na kilango tulichokuwa tukipita kikafungwa. Kliniki iko ng'ambo ya pili. Kumpeleka Hadija kupimwa nazunguka hadi pwani na jua la utosi. Mwezi uliopita nilifika wamekwisha funga, nikarudi nalia.

Basi akaja kijana wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam, anachunguza kwa nini miji inakatwa vipande. Akapita nyumba kwa nyumba na karatasi zake.

"Mnaishije na ua huu?"

"Vizuri tu, ndugu, hatujambo."

Anaandika, anashukuru, huyoo! Jioni akanionyesha kwa furaha: mtaa mzima hauna shida. Nilicheka mpaka mtoto akaamka.

"Kaka yangu, umeondoka kabla ya salamu kuisha. Kwetu hata mwenye msiba huanza na njema. Keti, unywe maji, ndipo utasikia 'lakini'."

"Karatasi yangu haina nafasi ya lakini."

Jirani yangu, bibi wa Kimakonde, akamjibu, "Si uigeuze nyuma!"

Kesho yake nikambebesha Hadija, twende kliniki kwa njia yetu ndefu. Jasho lilimtoka, na Hadija akamkojolea shati. Siku hiyo aliandika! Akaenda na ndani ya ua, akakaa kitako. Kumbe wake za maofisa nao wanalia wamefungiwa kama kuku.

Balozi wa nyumba kumi akaita mkutano, kijana akasoma yote. Nami nikasimama, Mama, mwanao wa darasa la nne! Nikasema, "Ndugu zangu, ujamaa gani huu wa kuzungukana?" Walipiga makofi.

Juzi kilango kikafunguliwa. Nilisimama na Hadija mgongoni niwe wa kwanza kupita. Wapi! Mke wa ofisa mmoja alichomoka ndani mbio, chanuo mkononi, "Nani hapa anajua kusuka?"

Nikamwambia, "Mimi, dada. Lakini nisubiri nitoke kliniki."

Nisalimie Baba, shangazi mkunga aliyenizalisha, na mdogo wangu, mwambie asiache shule. Mola akutunze mpaka nije nikushike mkono.

Mimi mwanao,
Somoe, mama Hadija