Barua ya Maombi Niliyoifunga Bila Kuisoma

Mwanangu Somoe,

Ni mimi, mwalimu wako wa kompyuta wa Nachingwea, yule uliyekuwa ukimtambua kwa kikohozi kabla hajafika mlangoni.

Unalikumbuka darasa letu? Vioo vya kompyuta tulikuwa tunavizima ili betri ya sola idumu. Nyote hamkuwa mkiona, nani angevitazama? Kompyuta iliwasomea kila herufi masikioni, na wewe uliigombeza kwa kutamka Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana. Ulipapasa vile vinundu vya kwenye F na J, ukaanza kuchapa, na hakuna aliyekufikia. Nilijivuna kwa ajili yako, nikakutangaza kila nilikopita.

Ofisi moja ya Ruangwa ikatafuta mchapaji. Siku uliyoandika barua ya maombi tulikuwa na mgeni, mkubwa mmoja wa elimu, nami nilitaka aone kazi yangu. Nikazima sauti ya kompyuta yako ili tuzungumze vizuri. Ukaniambia polepole, "Mwalimu, bila sauti sijui nipo wapi."

Nikakujibu, "Vidole vyako vinajua." Mgeni akacheka, kichwa kikanivimba.

Mkono wako wa kulia ulikuwa umesogea kitufe kimoja, kila herufi ya upande huo ikatoka nyingine. Nilichapisha karatasi ile huku napiga soga na mgeni, nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilihitaji kuambiwa.

Nilipokwenda Ruangwa kuulizia, karani alinionyesha barua yako. Ilikuwa vurugu tupu, kuanzia anwani hadi jina lako. Akaniuliza kwa upole kama kweli binti huyu amesoma. Ningeweza kusema pale pale kwamba kosa ni langu. Niliona aibu, nikashukuru, nikapanda gari. Kwako nikasema hawakukuchagua.

Hukulia. Ulisema, "Basi, kompyuta si ya watu kama sisi." Ukarudi kwenu Chiola, na nasikia unabangua korosho uani kwa mama yako, kompyuta hutaki hata itajwe.

Baadaye akaja mzazi mmoja wa Nambambo kumchukua mwanawe. "Kama Somoe kashindwa," aliniambia, "huyu wangu ataweza nini?" Nilimtazama akifunga godoro la mtoto kwa kamba. Nikanyamaza tena. Kule Nambambo bado sijathubutu kwenda.

Nafasi ile ilishapata mtu, siwezi kukurudishia. Kila ninapomwambia mwanafunzi ajiamini, najisikia mwongo, na ndivyo nilivyo.

Nimeiandika barua hii kwa nukta nundu ili uipapase mwenyewe, asiwepo wa kukusomea wala wa kukulainishia maneno. Sikuombi unisamehe. Nichukie ukitaka, ila usivichukie vidole vyako.

Hukushindwa, Somoe. Nilikuzimia sauti, kisha nikakudanganya.

Mwalimu wako