Kitenge Changu, Blanketi Lake na Kifua cha Juma

Mdogo wangu Zainabu,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa. Huko Ilagala hamjambo? Mguu umepungua kuuma, au bado unakataa dawa? Mimi mzima, ila moyo unawaka. Nakuandikia kwa hili darasa langu la nne kwa sababu simu siwezi. Nyumba ya mwanangu Hamisi hapa mjini Katubuka ni chumba na sebule, na Mama Asha anasikia mpaka unachofikiri.

Huyo ndiye habari yenyewe. Nilikuja kumlea mjukuu wangu Juma. Sijakaa sawa, mkwe wangu Asha akamleta mama yake kutoka Simbo, ati anisaidie. Nani alimwomba? Mtoto akilia anamnyooshea yeye mikono. Akicheka anamchekea yeye. Mimi nabaki na beseni la nepi.

Mvua zilipoanza Juma akapata mafua. Nikamfunga kitenge changu kile cha Kongo. Mama Asha akaongeza blanketi lake. Kuona hivyo nikaweka shali yangu juu ya blanketi, naye akaleta khanga. Mtoto akawa furushi la mitumba, imebaki pua tu. Hakuna aliyekubali nguo yake itoke kwanza, wala aliyethubutu kugusa ya mwenzake, na Asha alituogopa sote wawili. Juma akakataa ziwa, tukasema ni usingizi.

Hamisi aliporudi kutoka kazini akamgusa shavu, akatupeleka hospitali mbio. Nesi akafungua, akafungua. Akauliza, "Nguo zote hizi za nani?"

"Zangu," nikasema. Mama Asha naye akasema zake.

Nesi alikuwa amefika kifuani, na mbavu za mtoto zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Nimonia. Akawekewa mpira wa hewa puani, na sindano.

Wodi imejaa watoto wa mjini, wote kifua. Nesi anasema hawaishi kuja: vyumba vidogo, watu wengi, mkaa unawaka ndani na madirisha tumeziba, mmoja akikohoa nyumba nzima inakohoa. Nikamwambia kwetu Ilagala hatuna mambo hayo. Akasema hata kutoka Ilagala wanaletwa. Nikaachana naye.

Bibi mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kukaa na Asha wodini. Asha akamchagua mama yake. Nikapika uji, nikaupeleka, nikasimama nje ya dirisha. Yule mwanamke amempakata mjukuu wangu, amemfunua kifua, anakitazama tu kinavyopanda na kushuka. Chai yake imepoa pembeni. Nilimwonea wivu, na mpaka leo namwonea.

Juma amepona, ananyonya. Nguo zetu zote Asha amezifungia sandukuni. Mtoto anavaa sweta moja la sokoni, lisilo la bibi yeyote.

Kwa hiyo lile shuka ulilotaka kumletea, liache huko. Na huyo mjukuu wako anayekohoa tangu mfungo, mvue leo hii umtazame kifua. Usinijibu kwamba ni baridi ya ziwa. Mbavu zikiingia, panda naye boti uje.

Nisalimie shemeji, kaka yetu mkubwa, na jirani yako anayepika mawese, mwambie moshi wake autoe nje.

Ni mimi dada yako, bibi mzaa baba,
Mwajuma