Parachuti ya Clifford

Oldham, 6 Machi 1944

Kwa Hilda,

Hujambo, binti? Baridi ya kambini haijakutia mafua? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Hunijui. Ni mama yake Clifford Ogden, yule rubani wa ndege ya mabomu. Nimeletewa simu ya maandishi kwamba tangu tarehe 20 Februari hajarudi na hajulikani alipo. Kwenye barua zake alikutaja sana, kuwa wewe ndiye unayemkunjia parachuti. Niambie jambo moja tu: ilikuwa nzuri? Nimebaki na tegemeo hilo.

Mama yake Clifford,
Martha Ogden

Kambini, 11 Machi

Mama Clifford,

Shikamoo. Pole sana, mama. Clifford alikuwa mtani wangu. Akija dirishani kwetu kuchukua parachuti huniuliza, "We Hilda, umenikunjia parachuti humu au shuka la bibi yako?" Nami namjibu, "Shuka la bibi yangu haligusi buti chafu kama zako!" Akirudi salama huniachia nusu ya chokoleti yake mezani.

Kukudanganya siwezi. Siku ile nilikuwa na homa, na nilikunja ishirini na mbili. Kadi ya parachuti yake ina sahihi yangu, lakini kuikunja sikumbuki hata kidogo. Kama haikufunguka, ni mkono wangu huu. Nimeomba nihamishiwe jikoni.

Mwanao kwa heshima,
Hilda Pask

Oldham, 15 Machi

Mwanangu Hilda,

Homa imeshuka? Kunywa kitu cha moto, usijifanye jasiri. Nashukuru umenieleza kweli.

Sasa nisikilize. Mimi nasimamia mashine za kusokota pamba mwaka wa thelathini na moja huu. Jioni ukiniuliza uzi gani ulikatika asubuhi, sijui, na uzi umetoka sawasawa. Mkono uliozoea haungoji kichwa. Na jikoni unaenda kufanya nini? Clifford alisema hata mkate wa kuchoma unakushinda! Bakia hapo. Kuna wana wa wenzangu wanaoruka leo.

Mama yako,
Martha

Kambini, 20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Homa imekwisha. Nimebaki mezani pangu, ila kila nikishika parachuti bado nahofia kwamba nilimkosea Clifford. Una habari yoyote?

Mwanao,
Hilda

Oldham, 2 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi nimelia, nikanawa uso, ndipo nikashika kalamu.

Jana alinijia mke wa mlenga mabomu wa ndege ya Clifford. Mumewe ni mateka Ujerumani, na ameandika. Ndege ilishika moto. Clifford akawapigia kelele, "Rukeni! Mnangoja chai?" Akashikilia usukani isipinduke mpaka wakatoka wote sita. Yeye hakuwahi kuruka, akaanguka na ndege. Parachuti yake haikufunguliwa kabisa, Hilda. Hukumkosea mwanangu kitu.

Na wale sita walichukua zao hapo dirishani penu, zikafunguka zote. Wako hai. Nakushukuru wewe na wenzako, kwa niaba ya mama zao na kwa niaba ya mwanangu, maana alichowapa kisingefaa kitu bila kazi yenu.

Yule mke alikuja na mtoto wa wiki tatu. Alinipa nimpakate, mtoto akalala mikononi mwangu saa nzima.

Mama yako,
Martha