Mwaliko wa Jabia

Jumatatu, 6 Januari

Madumu matatu kabla ya kwenda shule. La nne nimelipasua mwenyewe kwa kulikokota juu ya mawe. Kisima cha pwani kimezidi chumvi, chai ya leo imekuwa mchuzi. Mama ameinywa yote bila kulalamika. Kunyamaza kwake ndiko kunakoniudhi.

Shule imefunguliwa. Darasa langu la chekechea lina watoto kumi na mmoja. Mwaka jana walikuwa kumi na wanane. Hawakuugua. Wamehama na wazazi wao, wengi Mokowe, mmoja Mkomani kwa shangazi yake. Hakuna aliyeichukia Ndau, kisiwa chetu. Wamekimbia kiu.

Kaka yangu Shee amepiga simu kutoka Mokowe. Mwisho wa mwezi anakuja kumchukua Mama. Magoti ya Mama hayawezi madumu tena, na mimi asubuhi niko shule. Mama amejibu inshallah. Nilidhani atakataa. Nimeumia, na sikumwambia.

Jumatano, 8 Januari

Nimepita jabiani nikirudi. Ile sakafu kubwa ya saruji ya kukingia mvua imepasuka kutoka juu mpaka chini, ufa unaoingia mkono wangu mzima. Mvua ikinyesha maji yanapotelea ufani, hayafiki kwenye birika la kuyahifadhi. Tunaliangalia tu, mwaka wa nne huu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa hatukuziba na ukuta hatujengi.

Nilikaa pale nikakumbuka siku za kuliosha. Kila mwaka kabla ya masika. Wanawake na mafagio ya chelewa, wanaume ndani ya birika wakitoa mchanga kwa karai, chokaa ikikorogwa pembeni. Sisi watoto tuliteleza kwenye sakafu yenye maji mpaka nguo zikatoboka makalioni. Mahamri ya moto. Chai ya tangawizi. Kijiji kizima mahali pamoja, na waliogombana wakipokezana ndoo. Mvua ya kwanza ikishuka, Nyanya yangu ndiye aliyeonja maji kabla ya wote. Akitikisa kichwa hivi, basi, ni matamu.

Watu walijuaje siku? Sikumbuki. Walikuwa wakija tu.

Ijumaa, 10 Januari

Habari njema, angalau leo. Afisa wa wadi anakuja Alhamisi ijayo kuchukua maoni ya wananchi juu ya mpango wa mwaka. Kitakachosemwa kikaoni kinaandikwa. Kisichosemwa hakipo. Ndivyo sheria ilivyo. Athman ameisoma yote kwenye simu, akanieleza huku amelala chini ya injini ya mashua ya watu. Athman ni fundi, na hana subira.

Tuko watatu tunaolipigania jabia. Mimi, Athman, na Mwalimu Mutua, mtu wa bara, mwaka wake wa pili hapa. Yeye ndiye aliyeuliza kwanza kwa nini jabia halitengenezwi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jabia likiandikwa, Mama atabaki. Hakuniambia hivyo. Ni mimi ninayejiambia.

Jumapili, 12 Januari

Mutua ametengeneza tangazo zuri kuliko yote niliyowahi kuona Ndau. Herufi za buluu, picha ya jabia, siku na saa. Tumebandika gatini, dukani, kwenye ukuta wa zahanati. Tumetuma pia kwenye kundi la simu. Mutua anasema, "Kwetu chifu akibandika karatasi, uwanja unajaa."

Nina furaha ya kijinga. Vijana wa Nairobi wanapaza sauti barabarani. Ndau haina barabara ya kuandamana, ina vichochoro na mchanga, lakini tuna kikao. Sikutaka mengi kwenye nchi hii. Mkubwa aje, aulize, aandike, atekeleze. Hata haya manne ni mengi?

Athman ameandika hotuba ya kurasa tatu. Amenisomea. Nimesinzia kwenye ukurasa wa pili, nikamwambia ni ya moto.

Alhamisi, 16 Januari

Hakuja mtu.

Afisa na karani wake. Sisi watatu. Na mzee mmoja aliyekuwa akimtafuta mbuzi wake, akasalimia, akampata mbuzi, akaondoka.

Viti sitini vya shule tulivipanga wenyewe. Tulisubiri mpaka saa kumi. Afisa ni mwanamke mpole na hilo lilinizidishia aibu. Aliandika mbele yetu kwamba wakazi hawakujitokeza. Athman alitaka kusoma hotuba, akaambiwa maoni ya watu watatu si maoni ya kijiji. Alikunja karatasi zake mara nne.

Tulirudisha viti.

Ijumaa, 17 Januari

Nimemkosea Mama adabu. Naandika ili nisijisahaulishe.

Nilimkuta anakunja nguo anatia kwenye sanduku, nikalipuka. Nikamwambia wao ni hodari wa kulalamika jikoni, wakiitwa hawaji, ndiyo maana nchi hii haisogei. Nilisema kwa sauti. Jirani alisikia.

Mama hakupandisha sauti yake. Alimaliza kukunja leso aliyokuwa nayo mkononi, akaniuliza kwa Kiamu chake.

"Metuita nani?"

Nikasema tangazo, ukuta mzima wa zahanati.

"Karatasi haina mato ya kuona mtu, mwanangu. Humwita kila mtu na haimuiti mtu. Hatuyaitwa."

Ati hawajaitwa! Nikatoka nje. Nilikuwa na hasira naye kwa muda wa kutosha kufika jabiani na kurudi. Kisha hasira ikanigeukia mimi.

Jumamosi, 18 Januari

Sasa nakumbuka watu walivyojua siku.

Nyanya aliwaita. Mlango kwa mlango, Ndau nzima, na mimi nikimshika pindo la buibui. Harusi, hitima, kuosha jabia, yote ilikuwa ni yeye. Nilikuwa na miaka sita, saba. Nilidhani tunatembea tu. Alibisha hodi mara tatu. Akamtaja mwenye nyumba kwa jina, akataja jambo, siku na wakati. Akikaribishwa chai alikataa, kwa kuwa mwenye kualika hakai. Akikaa nyumba moja atawajibu nini wale wengine? Na hakuruka mlango. Nyumba uliyoiruka umeitukana.

Ndiyo maana hawakuja. Hapa mtu mzima haendi asikoitwa. Anaona ni kujipeleka, kama mtu anayenusa biriani ya watu. Mutua hana lawama, kwao ni vingine. Sisi wawili, mimi na Athman, tuliozaliwa hapa, tumelisahauje hili? Mimi niliyeshika lile pindo?

Nimempigia afisa simu. Nimemwomba kama ninayeomba chakula. Jumatano anapita kwetu akitoka Kiwayu. Ametupa saa moja, baada ya alasiri. Ijumaa anafunga orodha ya miradi.

Mama amenisikia nikiongea naye. Sanduku limerudi chini ya kitanda. Nisijipe moyo mapema.

Jumapili, 19 Januari

Tumegombana na Athman. Anasema twende na kipaza sauti tumalize kwa nusu saa. Halafu akasema, tukienda kwa miguu, nyumba ya Bi Riziki tuiache. Mwanawe alishindwa uchaguzi, na tangu hapo Bi Riziki hasemi na nusu ya kijiji, nasi tumo kwenye nusu hiyo. "Atakuharibia walahi, atakufukuza mbele ya watu." Nikamwambia basi mimi naanzia kwake. Uongo. Naogopa kuliko yeye.

Jioni nilivaa buibui nikaaga. Mama akaniuliza nitasema nini. Nikamsomea nilichoandika: sisi vijana wa Ndau tunawakaribisha kwenye kikao cha ushirikishwaji. Alicheka mpaka akashika goti. Akaniambia Nyanya hakuwahi kusema anatumwa na mtu. Si mwenyekiti, si mzee wa mtaa, si chama. Alisema jabia lawaita. Mtu anaweza kumkatalia mwenyekiti. Jabia utalikatalia vipi, na maji yake umeyanywa tangu utotoni?

Kumbe kazi hii aliachiwa Mama. Sikujua. Nyanya alipokufa watu walimtazama yeye, naye akaona haya kupita mitaani anaita watu, akasema siku hizi zina simu. Ikafa hapo. Aliniambia haya akiangalia ukuta.

Nikainuka kwenda. Akaniita.

"Na mimi je? Mimi sina mlango?"

Nikatoka nje, nikafunga mlango wa kwetu wenyewe, nikabisha. Hodi, hodi, hodi. Mama, jabia lakuita. Jumatano, baada ya alasiri, uwanja wa shule. Halafu akaitika kutoka ndani, "Labeka, ntakuya." Sauti aliyoitumia sijaisikia miaka mingi.

Nyumba ishirini na moja kabla ya magharibi. Miguu inauma. Watu walitoka mpaka kizingitini.

Jumatatu, 20 Januari

Baada ya shule, nyumba zilizobaki. Ya Bi Riziki nikaiweka mwisho, nikaona aibu, nikaipeleka katikati.

Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu mlango ukafunguka robo. Jicho moja.

"U mwana wa nani?"

Nikamtaja Mama. Akangoja. Nikamtaja Nyanya, Mwanajumaa. Mlango ukafunguka wote.

Nikasema maneno yangu. Alinitazama nikadhani nimekosea. Kisha akasema polepole, "Tangu uchaguzi siyabishiwa hodi na mtu. Watu wapita ndia, mimi hupata hesabu ya viatu vyao." Akanikaribisha chai. Nikakataa. Akafurahi kwamba nimekataa. Alijua kwa nini.

Nililia nikifika kichochoroni. Kidogo tu. Bado kulikuwa na mlango wa nyumba inayofuata.

Jumatano, 22 Januari

Wamekuja.

Mpaka viti vikaisha. Mpaka mikeka ikatolewa msikitini. Wanawake upande wa kulia, wanaume kushoto, watoto wangu kumi na mmoja mbele kama wenye shughuli. Mama na mkongojo wake. Mzee wa mbuzi naye, safari hii bila mbuzi. Mutua alisimama mlangoni mwa darasa ameshika mdomo.

Athman hakusoma hotuba. Hakupata nafasi. Hakuna aliyedai wala kutukana. Walimsimulia afisa jabia. Nani alichanganya saruji. Nani alizaliwa siku ya mvua ya kwanza. Nani alihama, na nyumba yake ni ipi, iliyofungwa ile. Mama alisema sentensi moja: kwamba yeye haombi msaada, anaomba ufa uzibwe, maji atayachota mwenyewe. Na magoti yale!

Afisa aliandika mpaka karani akampa kalamu nyingine. Akauliza kiongozi wetu ni nani. Watu wakatazamana. Bi Riziki, aliyefika mwisho na kukaa mbali, akasema kwa sauti ya kusikika: "Hapana kiongozi. Jabia limetuita, tumekuya."

Nimewapenda watu hawa leo. Nilikuwa nimeacha.

Jumamosi, 25 Januari

Orodha imetumwa kwenye simu. Athman amekuja mbio na mafuta mikononi, hakuweza hata kunionyesha, akanisomea. Matengenezo ya jabia, Ndau. Limo.

Lakini kuwemo si kujengwa. Orodha inapelekwa mbele, ikipita, fedha ni Julai. Zikija. Mutua anasema tutaandika barua kila mwezi. Athman anasema kila wiki. Bi Riziki ametuma salamu kwamba anajua kuandika pia.

Nimemsomea Mama. Amesema alhamdulillahi mara tatu. Kisha amevuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

Nilisubiri aseme kitu. Akasema nimpe leso ya buluu iliyoko kambani.

Ijumaa, 31 Januari

Shee amefika baada ya sala na mashua ya kukodi. Mimi na yeye tulibeba sanduku. Ni jepesi kuliko nilivyotaka liwe.

Mama hakuahidi, na mimi nilijiahidi kwa niaba yake. Julai ni mbali kwa mtu anayekunywa chumvi. Najua hivyo. Bado nimemkasirikia, kisha nikamsamehe, kisha nikamkasirikia tena, yote kabla hatujafika gatini.

Amenipa ufunguo wa mbao wa mlango wetu, uliokuwa wa Nyanya. Alipokwisha kukaa mashuani na kupangiwa mito mgongoni, akaniashiria nisogee.

"Siku ya kuliosha jabia, usinipijie simu. Siitiki kwa simu. Ndoo mwenyewe mpaka Mokowe, ubishe hodi."

Nikasema ntakuya, kwa Kiamu, kama yeye.

Jumapili, 2 Februari

Dumu moja tu leo. Limenitosha, na limebaki nusu.

Nimefagia. Nimeandika barua ya kwanza kwa afisa, fupi, Athman ataiona baridi. Bi Riziki amepita, akabisha, hakukaa.

Jioni nimesimama nje, nikafunga mlango. Hodi, mara tatu, kama nitakavyobisha Mokowe. Mama, jabia lakuita. Sauti yangu haikukatika. Nikafungua kwa ufunguo nikaingia.