Mate ya Jumamosi ya Umuganda

Alhamisi, 31 Julai
Mirija imepangwa, chai imepoa. Kama kawaida. Tumepima mate ya wagonjwa wa saratani ya kinywa. Tunatafuta protini moja: ikiwa nyingi, huenda ugonjwa utarudi upesi. Huenda. Utafiti bado. Mama Keza amewapita wote. Fundi wangu wa nguo, wa soko la Kimironko! Uvimbe mdogo vile wa ulimi, namba kubwa hivi? Siamini.

Jumapili, 3 Agosti
Nimeenda kujaribu blauzi. Kumbe ameshaambiwa namba yake. Namshuku daktari wetu, mdomo wake hauna breki. Mama Keza amekataa upasuaji.
"Dada, kama mate iko inasema nitakufa, ulimi mutanikatia ya nini?"
Nimerudi na hasira. Sijala.

Jumatatu, 4 Agosti
Nimekitazama tena kirija chake. Kilijazwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Umuganda, siku ya usafi wa pamoja! Nesi wa zahanati ya Gatsata alichukua mate alfajiri, kisha akaenda na majirani kuzibua mitaro. Pikipiki za kutuletea mirija hazitembei mpaka kazi ya mtaa iishe. Nimempigia. Anasema boksi lilikuwa na barafu. Anadanganya, naapa. Mate yakikaa kwenye joto, seli hupasuka na protini humwagika. Tulipima ugonjwa, au tulipima kusubiri?

Jumatano, 6 Agosti
Nesi amekiri. Barafu iliyeyuka, akaona aibu kusema.
Nimemwomba Mama Keza mate mengine. Kaniangalia kama mwizi wa vitambaa, lakini ametoa. Nimeyabeba mwenyewe, barafu tele. Ila najishuku nami. Nataka mno apone. Nimempa Claudine, mwenzangu wa maabara, apime bila kujua ni ya nani.

Ijumaa, 8 Agosti
Chini. Chini kabisa. Nimelia chooni.
Daktari kanuna, halafu kaenda mwenyewe Kimironko kuomba radhi. Nilikuwepo. Mama Keza kaniuliza mimi, si yeye, kama namba hii nayo haitageuka. Sikuweza kumwapia. Nimemwambia mate bado hatujui kuyasoma vizuri. Uvimbe tunauona kwa macho, ni mdogo, ukatwe sasa. Kaendelea kushona.

Jumanne, 12 Agosti
Ameingia upasuaji asubuhi. Amekwenda mwenyewe, kwa miguu yake.
Blauzi yangu ina mkono mmoja. Amenikataza kumpelekea fundi mwingine.